Ezra Sugden na Mahafubeki Wake

Ungetaka kumuudhi Ezra Sugden, ungemwambia kwamba hafubeki fulani ana mbio. Angekutazama kana kwamba umemletea samaki aliyeoza. "Hata mbwa wa mchinjaji ana mbio," angesema. "Niambie anafanya nini akishaangushwa."

Kazi yake ilikuwa kugawa taa kwa wachimbaji pale mgodini, na Jumamosi mchana alikuwa ndiye macho ya klabu yetu ya Harthorpe, mtafuta wachezaji wake. Nazungumzia raga yetu, ya watu kumi na watatu, ile inayomlipa mchezaji. Siyo ile ya kumi na watano wanayoiabudu kule Wales, ambako mtu wao akijulikana tu kwamba ameucheza mchezo wetu hufungiwa maisha, hata kama hajapokea senti. Ezra mwenyewe aliwahi kuwa hafubeki, na mchezo ulimwachia pua iliyolalia shavu moja na vidole viwili visivyokunjika. Mkewe alipofariki akaanza kula kwangu. Mimi, Nellie Crabtree, nilikuwa na nyumba ya wapangaji nyuma ya uwanja, na wageni wa klabu walifikia hapo.

Kwa hiyo nimewasikia mahafubeki wakipimwa juu ya meza yangu miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Hafubeki ni yule mfupi anayesimama kati ya mapande ya watu walioko mbele na wenye mbio walioko nyuma. Kila mpira lazima upite mikononi mwake, na kila mwenye hasira upande wa pili anamtafuta yeye. Ezra hakuutazama mpira. Alimtazama mtu mpira ukishaondoka. "Huyu pasi zake ni asali," alikuwa akisema huku akitafuna, "ila ukimgonga mara moja tu, zinaanza kutoka mapema. Yule ana moyo, lakini akili ya kuku, anarudi palepale alipopigwa. Na yule wa Jumamosi haongei. Hafubeki bubu wa nini? Umweke kabatini?" Alitaja uzuri wote, kisha ubaya wote, na hakumpendelea mtu. Alimkataa mtoto wa dada yake mbele ya dada yake, na tangu siku hiyo wakawa wanapishana barabarani kama hawajuani. Watu walimchukia kwa ulimi huo, na walimwamini kwa sababu hiyohiyo.

Mwezi wa Novemba akarudi kutoka Wales na Emrys Beynon.

Kijana huyo alifanya kazi kwenye kiwanda cha bati. Alikuwa mwembamba, mwenye adabu, na alisifu viazi vyangu kwa namna ambayo ingemlainisha hata hakimu. Klabu ilitaka kumwona katika mechi tatu kabla ya kumsajili, na hapo ndipo unapokuja ule mtindo wetu. Mgeni wa majaribio kutoka raga ya kule hachezi kwa jina lake. Kwenye karatasi ya mechi wanamwandika Fulani, basi. Kila mtu uwanjani anajua Fulani ni mtu wa kule aliyejificha, na hakuna anayeuliza. Akisajiliwa, jina linatoka, na daktari wa klabu anampima. Asiposajiliwa, anarudi kwao kimyakimya na kuomba Mungu asiwe ameonekana. Emrys aliniambia wazi wakati ananisaidia kukausha vyombo: "Mama Crabtree, nikirudi bila kusajiliwa, halafu wakajua, sina pa kuweka uso. Kijijini kwetu hata baa ni ya klabu. Hata kanisani tunakaa kwa timu."

Mechi ya kwanza watazamaji walianza kumtania kama kawaida.

"We Fulani! Mama yako anajua uko huku?"

"Mwacheni, hana mama, alizaliwa na karatasi!"

Baada ya nusu saa hakuna aliyetania. Kijana alikuwa anaupokea mpira kwenye tope na kuutoa kana kwamba hakuna tope. Alipoangushwa aliinuka kabla ya aliyemwangusha. Ezra alisimama kando yangu, mikono mfukoni, na nilimwona akimeza mate. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona hivyo.

Mechi ya pili alikunja uso. "Upande wa kushoto anachelewa," akasema tukirudi nyumbani. "Wa kulia akija, anamjua kabla hajafika. Wa kushoto, anamjua akishafikiwa. Mazoea mabaya tu. Nitamrekebisha."

Mimi nilikuwa na langu. Nilishamwona Emrys pale mezani. Siku zote alichagua kiti kile ambacho ukuta unakuwa kushoto kwake. Nikimwekea chai upande huo, alikuwa ama anashtuka ama anaimwaga. Alhamisi alipoimwaga tena, nilimvuta Ezra jikoni.

"Hayo siyo mazoea," nikamwambia. "Mtoto haoni."

"Acha upuuzi, Nellie. Mtu asiyeona hawezi kutoa pasi zile."

"Basi mjaribu."

Ezra alichukua kiazi kwenye beseni, akatoka, akapita nyuma ya kiti cha Emrys kama anayefuata koti lake lililotundikwa ukutani. Kisha akamrushia kiazi polepole kutoka kushoto, vile unavyomrushia mtoto mdogo. Kikampiga shavuni. Hata hakupepesa jicho.

Emrys alikiokota kiazi akakiweka juu ya meza.

"Ni kipande cha chuma," akasema. "Kiwandani, mwaka juzi. Naona ukungu tu. Mzee Sugden, usiwaambie. Nakusihi."

"Utavunjwa shingo, kijana. Hawa wa kwetu siyo watoto wa kwaya."

"Mechi moja tu imebaki. Wakinisajili, pesa ya usajili ni yangu hata daktari akisema nini baadaye. Wasiponisajili kwa sababu ya jicho, habari itafika kwetu kabla mimi sijafika. Nitakuwa nimekosa huku, nimekosa na kule. Utakuwa umenileta huku kunizika."

Alilia, tena bila aibu. Alipopanda chumbani nilimwambia Ezra asijifanye haoni na yeye. Mtoto akilia unampa kitambaa, lakini wembe anaoulilia humpi. Aliniahidi kwamba kesho yake, kamati ikikaa, atasema yote.

Ijumaa alirudi kutoka kwenye kikao, akakaa mbele ya sahani yake bila kuigusa.

"Umewaambia?" nikamuuliza.

"Nimewaambia ubora wake na udhaifu wake."

"Na Haigh akasemaje?" Haigh alikuwa mwenyekiti wetu, mwenye maduka ya nyama, na tumbo la kutangulia mlangoni.

"Akacheka. Amesema hata mke wake ana udhaifu upande wa kushoto na bado ameishi naye. Watampanga fowadi mmoja mkubwa, wa wale wa mbele, amlinde upande huo. Anacheza."

Nilitukana. Niliitukana kamati nzima, mmoja mmoja, kwa majina na kwa mama zao, mpaka koo likaniwasha. Watu wazima, wanajua mtoto ana jicho moja, wanacheka, wanamwingiza uwanjani. Ezra alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake akaenda.

Jumamosi yule fowadi wa kumlinda aliumia goti mapema, akatolewa. Siku hizo hapakuwa na kuingiza mwingine badala yake. Emrys akabaki na upande wake wa kushoto wazi kama mlango wa zizi. Alitoa pasi nzuri, mpira ulishaondoka mkononi, na akageuka kulia kuufuata kwa macho. Mtu mmoja wa upande wa pili alikuja kutoka kushoto kwa kasi yake yote. Siwezi kumlaumu, kwetu hafubeki hugongwa hivyo kila wiki, na kila hafubeki hujikunja akimwona anayekuja. Huyu hakujikunja. Nilisikia mlio ule nikiwa jukwaani, na ningetoa chochote nisiusikie tena.

Hospitalini muuguzi mkuu aliuliza jina la mgonjwa. Haigh akamshika Ezra kiwiko. "Kwa sasa aandike Fulani," akanong'ona. "Akizinduka, tutaangalia. Jina likitoka sasa, tunamharibia kwao."

"Ana mama, Haigh," Ezra akasema. "Emrys Beynon," akamwambia muuguzi, akataja na kijiji.

Jumatatu jina lilikuwa kwenye magazeti. Jumanne chama cha raga cha kwao kikamfungia maisha, naye kalala hajafumbua hata lile jicho zima. Jumatano alfajiri akafa.

Baba yake ndiye aliyekuja. Alikuwa mfupi kama mwanawe, suti ya kanisani, mikono ya kiwandani. Nilishamfungia sanduku la nguo za Emrys, nikamkaribisha chai, akakataa kwa upole. Ezra alikuwa amesimama karibu na dirisha tangu asubuhi akimngoja.

"Wewe ndiye Sugden," mzee akasema. "Emrys alikuwa anakusifu. Alisema hakuna anayejua mahafubeki kama wewe, na kwamba hudanganyi. Nataka kusikia ulichowaambia kuhusu mwanangu. Maneno yaleyale."

Ezra alijiweka sawa kama mtu aliyeitwa mahakamani. "Niliwaambia mikono yake ni bora kuliko yote niliyowahi kuona. Niliwaambia anaongoza watu wanaomzidi umri na wanamsikia. Haogopi kuangushwa. Anausoma mchezo kabla haujafika." Akaendelea. "Niliwaambia mguu wake wa kupigia mpira ni wa kawaida. Na kwamba upande wa kushoto anachelewa kidogo, kwa mazoea, ila anarekebishika."

Tulingoja aendelee. Mimi nilingoja kuliko hata baba mtu, nikiwa nimeshika kamba ya lile sanduku.

"Na jicho?" mzee akauliza.

Ezra akageukia dirisha.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi," Ezra akasema.

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea bei ya kitu dukani. Akaja akachukua sanduku mikononi mwangu, akanishukuru kwa kumlisha mwanawe. Ezra alikuwa ameshaunyoosha mkono wake, ule wenye vidole visivyokunjika. Mzee alipita kando yake, akafungua mlango mwenyewe, akaelekea stesheni.