Jua la Dada Zuhura

Mimina juisi ya ukwaju juu ya barafu, kisha utege sikio. Vile vipande hulia "ta!" kabla ya kuanza kuelea. Wenzangu wakisikia mlio huo huona kiu. Mimi huona wivu, mpaka leo, mtu mzima na ndevu zangu.

Tulikuwa tukiishi Guangzhou, Uchina, ghorofa ya nne, nyuma ya barabara ya Huanshi. Mama alinunua viatu soko la Liuhua na kuvipeleka Dar kwa kontena. Baba alikuwa akisomea mambo ya samaki kaskazini kabisa mwa Norwe. Mwaka mmoja alikuja kututembelea, akaondoka na dada yangu Zuhura kwa kuwa ndiye mkubwa. Nililia hadi nikatapikia sampuli za viatu, na haikunisaidia kitu.

Majira yale ambayo kuta za Guangzhou hutoka jasho na nguo hazikauki, Zuhura alipiga simu kusema kwao barafu ya mto imeanza kupasuka.

"Inanguruma, Saidi, utadhani lori linamwaga kokoto! Halafu maji yanatokea, meusi, na vipande vinapigana vikumbo."

Nilifungua friza nikaingiza kichwa nisikilize. Mama akanivuta sikio, eti nammalizia umeme.

Kisha likaja lile la jua. Mama alikuwa na saa ya mezani yenye umbo la msikiti, iliyoadhini kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Kwetu, ikiadhiniwa magharibi mtoto awe ndani, na sheria hiyo Mama aliipandisha ndege akaja nayo. Saa ikilia tu, anatoa kichwa dirishani: "Saidi! Ndani!" Watoto wa Kichina niliocheza nao walikwisha kuikariri, wakawa wananifukuza nayo kabla yake. Siku moja nikaichomoa betri. Mama akaita vilevile, tena mapema.

Sasa Zuhura ananiambia kwenye simu, "Huku jua halizami. Linazunguka tu pembeni. Tunacheza mpaka tunachoka wenyewe."

"Nani anakuita ndani?"

"Hakuna anayeniita. Baba yuko maabara."

Hapo hapo saa ikaadhini. Mama, aliyekuwa jikoni na hakujua kwamba nimo ndani, akatoa kichwa dirishani akaita jina langu mtaa mzima ukasikia.

"Usikate," Zuhura akasema haraka. "Usikate kwanza."

Nikajua ananicheka. Nikakata. Nilimwonea kijicho mpaka kifua kikaniuma: yeye kapewa mchana usiokwisha, mimi nimepewa saa yenye mafua.

Alirudi likizo ya mwaka ule ule, amerefuka, pua imebambuka kwa jua. Jioni ya kwanza tulishuka kucheza. Saa ikalia, Mama akatoa kichwa: "Saidi! Ndani!" Ulimi wake ulikuwa umezoea mtoto mmoja.

Nilipanda peke yangu.

"Dada'ko yuko wapi?"

"Kabaki. Si kazoea jua lake," nikasema, nimenuna.

Mama akachungulia, nami nikachungulia chini ya kwapa lake. Zuhura hakuwa akicheza. Alisimama chini ya dirisha letu, mpira kwapani, ametuinulia uso.

"Zuhura! Na wewe, ndani!"

Alipanda ngazi mbio hadi ndala moja ikabaki njiani. Akaingia anacheka, mara analia, akajificha kwenye kanga ya Mama. Mama alimshika muda mrefu, nusura magharibi itupite. Nami nikatumwa kuifuata ndala, nikashuka nikiwaonea wivu upya.

Sasa nina binti, na jioni natoa kichwa dirishani kumwita. Hujifanya hasikii, nami huita tena. Ni katika kuita huko nilipomwelewa dada yangu na lile "usikate" lake. Alitaka Mama aite mara ya pili, asikie.