Kiti cha Mwalimu

Nina miaka hamsini na mbili na nnasomea upishi. Ushoni haulipi tena. Juu ya cherehani yangu siku hizi twapanga vyombo.

Juzi chuo kilitupeleka kwenye mafunzo kwa vitendo, hoteli moja huko Paje, mimi na vijana sita wa rika la kitinda mimba wangu. Tuliambiwa atakayefanya vizuri ataajiriwa. Niliomba dua niwe mimi.

Meneja alipoziona mvi zangu akanivutia kiti. "Karibu, mwalimu."

Ningesema hapo hapo kuwa mimi ni mwanafunzi, yangeisha. Nikakaa. Ikaja kahawa, nikanywa, mpumbavu mimi. Ikaja fomu ya kuwapima wanafunzi, nikaijaza. Vijana wakakata vitunguu. Adabu zao ziliwazuia kuniumbua mbele za watu. Jina la saba kwenye fomu lilikuwa langu. Nikaandika: hakufika.

Saa nne akaingia mwalimu wetu hasa, Bi Rahma, binti ambaye ningeweza kumzaa. Akaisoma fomu mbele ya meneja, akaniangalia pale kitini, akainamisha uso.

"Shikamoo, Mzee Haji," akasema taratibu. "Mbona hapa pameandikwa hukufika?"