Nilivyotoroka Mugango

Miaka thelathini nimelichora Ziwa Viktoria ubaoni kwa chaki ya buluu, hapa kwetu Voi, na sikuwahi kutia hata kidole majini mwake. Nilipostaafu ualimu nikasema basi, nitalizunguka lote kwa baiskeli, peke yangu: Tanzania, Uganda, kisha nirudi Kenya. Binti yangu Wakesho, ninayeishi naye, alipinga wiki nzima. "Mama, una miaka sitini na goti bovu!" Nami nikitaka jambo nimelitaka. Siku ya safari niliamka kabla yake, nikaacha barua chini ya kopo la sukari, nikatoka kimyakimya. Sikutaka machozi ya mlangoni.

Baiskeli niliipakia kwenye basi hadi Migori, kutoka hapo nikaanza kukanyaga. Mpakani Sirari, nikisubiri kugongewa muhuri, simu ikaleta ujumbe wa Wakesho: "Mama, nilikukosea nini?" Nikajiambia hasira zitamshuka tu. Nikaizima simu nikaendelea.

Musoma nilifika siku ya tatu. Nilivua viatu kwenye mawe ya ufukweni, nikaingia majini hadi magotini, nikacheka peke yangu mpaka wavuvi wakanitazama. Nilikaribishwa na mama mmoja wa kanisani, mtu mwema kupita kiasi. Asubuhi ya kuondoka ikawa chai, kisha sala, kisha samaki sato wa kukaanga wa kubeba, kisha familia nzima ikanisindikiza kwa miguu hadi nje ya mji. Nilipanda baiskeli jua la utosi. Mimi ni mtu wa ratiba. Daftarini nilikuwa nimeandika Mugango Jumanne, Bunda Jumatano, Mwanza Ijumaa.

Mugango nilifika jioni nikiwa hoi. Nililala kwa Mama Bwire, mjane anayeanika dagaa pamoja na mwanawe Bwire na mkwewe Nyangeta, aliyeolewa miezi miwili tu. Bwire alikuwa ziwani, kwa hiyo nikapewa kitanda chumbani kwa Nyangeta. Msichana yule alinichemshia maji ya chumvi, akanikanda goti bila kuombwa. Tulipomaliza ugali, nami nimeshawasomea ratiba yangu, Mama Bwire akatangaza, "Kesho usiwahi kutoka, Mwalimu. Sisi mgeni tunamsindikizaga. Ule kwanza, tuombe, ndiyo utoke."

Moyoni nikasema, yaleyale!

Saa kumi na moja alfajiri nilinyata kama mwizi wa kuku. Niliisukuma baiskeli hadi barabarani, nikapanda, nikakanyaga. Kanga yangu niliisahau kwenye kamba.

Saa nne nilikuwa Butiama, katikati ya vilima na migomba, upepo baridi, nikijisifu. Mama aliyeniuzia mihogo ya kuchemsha aliuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Mugango.

"Na waliokusindikiza wameishia wapi?"

"Barabarani," nikamdanganya, nikainamia mihogo yangu.

Bunda nililala vizuri. Asubuhi, nikiwa mgahawani na chai ya maziwa, pikipiki ikasimama mlangoni. Bwire alishuka, na nyuma yake Nyangeta, macho mekundu, kanga yangu mkononi imekunjwa vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Nimekuja kukuuliza. Nilikukosea nini?"

Niliweka kikombe mezani. Maneno yaleyale ya Wakesho, jamani.

Bwire akanieleza. "Nyumbani hapakaliki. Kwetu mgeni hatorokagi bure. Akitoroka ujue ameudhiwa. Mama anasema mke wangu ndiye uliyelala naye chumba kimoja, lazima kuna neno alikuambia. Majirani nao wameshika hilohilo. Mama amesema huyu asipoleta jibu lako, arudi kwao."

"Hukunikosea kitu, mwanangu," nilimwambia Nyangeta. "Nilikuwa nakimbiza ratiba."

"Basi twende ukamwambie mama. Mimi nikisema hawataniamini."

Mwanza iko mbele, Mugango iko nyuma. Nilimaliza chai, nikageuza baiskeli. Bwire alitaka kuifunga kwenye pikipiki, nikakataa. Kosa nililolifanya kwa miguu yangu nililirekebisha kwa miguu yangu. Nyangeta naye alikataa kunitangulia. Siku nzima ile pikipiki ilinifuata nyuma polepole, na kila nikipumzika, yeye alishuka akasimama pembeni yangu.

Mugango tulifika jua linazama. Mama Bwire alikuwa uani na majirani wawili. Sikungoja kiti. "Mama Bwire, mkweo hana kosa hata chembe. Alinitunza kama mamaye. Mimi ndiye niliyewakimbia, kwa haraka zangu."

Alinitazama. "Kwenu mnaondokaga hivyo?"

Nilitaka kusema la. Nikalikumbuka kopo la sukari.

"Kwetu hatuondoki hivyo," nilisema. "Ni mimi tu ninayeondoka hivyo."

Mama Bwire akasogea kwenye mkeka. "Nyangeta, njoo ukae hapa. Nimekuonea, mwanangu." Nyangeta alikaa, akajifunika uso kwa kanga yangu, akalia. Nami nililia, sioni haya kusema.

Kesho yake nilikula, tukaomba, na nyumba nzima ikanisindikiza. Nyangeta alisukuma baiskeli hadi njia panda. Hapo, mkono mmoja ni Butiama na Bunda, mwingine Musoma na nyumbani. Niliwasha simu nikaandika: "Wakesho, hukunikosea kitu. Nakuja." Nikashika njia ya Musoma.

Voi, Wakesho alinikuta getini. "Umelizunguka ziwa?"

"Hata robo sijafika."

"Sasa umerudia nini?"

"Nimerudi kukuaga."

Alinitukana kidogo, akanikumbatia sana. Miaka yote nilidhani kuaga ni adabu ya kumpotezea msafiri muda. Kumbe ni ya yule anayebaki, asije akakaa na nyumba tupu akitafuta kosa lake.

Kesho naanza tena, Migori hadi Mwanza na kuendelea, na Mugango nitalala siku mbili. Wakesho bado anasema nina wazimu. Lakini ameshajaza upepo matairi, na amesema hadi stendi baiskeli ataisukuma yeye.