Ndizi ya Mtori Haichaguliwi kwa Macho

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Moshi mjini, nilifika nimefunga tai, stashahada yangu ya upishi imo kwenye bahasha. Mpishi Mkuu, mama kutoka Masama mwenye mikono mipana, hakuifungua. Alinipeleka stoo, akanionyesha mikungu miwili ya ndizi mshare, yote kijani.

"Upi wa mtori?"

Wenzangu wangebahatisha. Mimi nilikata ndizi moja kutoka kila mkungu. Ya kwanza ilitoa utomvu wa kunata, nyama yake nyeupe. Ya pili ilikuwa kavu, nyama imeanza unjano.

"Huu wa pili ulilazwa na ndizi kisukari zilizoiva," nikasema. "Ndizi mbivu hutoa hewa inayoivisha jirani zake. Nje kijani, ndani sukari."

"Kumbe kuna kitu mlifundishwa. Haya, vua tai. Utomvu hautoki kwenye nguo."

Vijana, shikeni hilo. Mshare ni ya chungu: mtori, ile supu nzito ya ndizi za kuponda, au kupikwa na nyama. Kisukari, fupi na yenye ganda jembamba, ni ya kula ikiiva, ukiipika umeiharibu. Ndizi ng'ombe, ile nene, ichome, au iache iive kwa ajili ya mbege, pombe yetu.

Hotelini niliheshimiwa upesi. Nyumbani Old Moshi ilikuwa hadithi nyingine. Kwetu kahawa ni ya baba na ndizi ni ya mama, na dada yangu mkubwa, Felista, alinicheka mbele ya ukoo mzima.

"Mwanaume kusomea ndizi! Wewe Diploma, migomba yangu usiiguse."

Nikaenda zangu. Arusha nilikuwa chini ya Ofisa Manunuzi, Dar es Salaam chini ya Meneja wa Jiko, kisha Muscat, ambako nilikabidhiwa matufaha. Siku moja Meneja wa Vyakula aliinua tufaha jekundu linalong'aa.

"Haya ndiyo ya kuoka."

"Hayo ni ya kupiga picha, bosi. Kwenye oveni yatakuwa uji. Nipe yale ya kijani, magumu, makali ulimini. Haya matamu yawekwe mezani, watu wale mabichi."

Alioka aina zote mbili apate kunikomoa. Kesho yake akaniachia ufunguo wa stoo.

Nilirudi na nikajenga nyumba ya matofali kwa jasho langu, bila mjomba serikalini. Lakini migomba ya Felista ilibaki marufuku.

Mwaka huu mkwe wangu Neema, binti wa Tanga, alijifungua mjukuu wangu wa kwanza hapa nyumbani. Mzazi kwetu hulishwa mtori, na jiko la mzazi ni la wanawake, kwa hiyo alipika Felista. Neema alirudisha kila bakuli. Alipungua, maziwa yakapungua, mtoto akalia.

"Watu wa pwani hawajazoea," Felista akasema.

Nilisimama mlangoni. "Mwanangu, una kasoro gani huo mtori?"

"Shikamoo, baba. Ni mtamu kama chai. Unanichefua."

Nikaomba kijiko, nikaonja. Nikaenda moja kwa moja stoo ya dada: mkungu wake wa mshare umeegemezwa kwenye mkungu wa kisukari mbivu za wajukuu wake.

"Dada, umezilaza pamoja."

"Tangu lini ndizi zikaambukizana, kama mafua?"

Nikamkatia ndizi moja. Kavu, ya njano. Dada aliitazama, akamtazama Neema, akamsikiliza mtoto akilia. Kisha akaninyooshea panga, mpini ukinielekea.

"Nenda migombani ukakate mwenyewe. Ukikosea, nakurudisha Muscat."

Jioni ile Neema alimaliza bakuli mbili, na mtoto akanyonya mpaka akasinzia.

Nimestaafu, nashukuru Mungu, miguu bado inapanda mlima. Na kila siku ya mtori nasikia sauti ya dada ikivuka ua wa masale, ile mimea inayotenganisha nyumba zetu, mbele ya majirani wote:

"Diploma! Panga liko hapa, njoo uchague!"