Desmond na Sentensi Iliyofunikwa na Soseji

Desmond Pargeter wa mji wa Kettering alikuwa mtu wa kuhakiki. Ukimwambia leo Jumatano, anatazama kalenda kwanza ndipo akubali. Alipostaafu kazi ya reli, nguvu zake zote alizihamishia kwa Lowena, mwandani wa Kapteni Brandreth katika ile tamthilia ya safari za anga iliyoanza yeye akiwa mtoto na inayoendelea hadi leo. Mashabiki wakibishana kama Lowena aliogopa buibui, walimwandikia Desmond, naye hakumjibu mtu mpaka asikilize kanda kwa masikio yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo anachosha, lakini hadanganyi.

Jambo moja lilimshinda, nalo ndilo kila mtu alilotaka kulijua. Je, Lowena alikufa mwezini, au alibaki hai? Kapteni alilitaja mwishoni mwa kipindi cha mwisho cha Lowena, ila kanda za picha zilifutwa zamani hizo. Ilisalia sauti tu, kwa kuwa Desmond, wakati huo mtoto wa shule ya msingi, alikuwa ameweka kinasa sauti mbele ya televisheni ya nyumbani kwao. Kapteni anavuta pumzi, anasema, "Lowena..." na hapohapo anaingia Bi Enid, mama yake Desmond, kutoka jikoni, kwa sauti ya kuita hadi mtaa wa pili:

"Desmond! Soseji zinapoa! Na hicho kinasa mrudishie baba yako kabla sijaja huko!"

Anapomaliza, muziki wa kufungia umeshapamba moto.

Mama hakusamehewa. Kwenye ukurasa wake wa mtandao Desmond aliandika, mchana kweupe: "Hatima ya Lowena haijulikani, kwa sababu ya mama yangu." Na kila Krismasi, bata mzinga akikatwa, alilifufua jambo hilo.

"Ungengoja kidogo tu, mama."

"Nawe ungekula soseji baridi," Bi Enid alimjibu. "Mwanamke mwenyewe wa kutungwa, unaninunia utadhani nimemuua mimi."

Miaka yake ya mwisho Bi Enid aliacha kubishana. Aliomba tu apitishiwe mchuzi. Siku ya mazishi yake, shabiki mmoja alimvuta Desmond kando na kumuuliza kama marehemu hakuacha neno lolote kuhusu Lowena. Haya sikuyabuni kumchekesha mtu. Watu hao ndivyo walivyo.

Mwaka uliofuata, dada yake Hilary aliipeleka kanda kwa fundi wa sauti, mwenye mtambo wa kutenganisha sauti zilizopandana. Fundi akarudisha mafaili mawili: Kapteni peke yake, na mama peke yake. Hilary akaja na keki.

"Anza na Kapteni," alisema. "Ukichelewa, hao wendawazimu wenzako watavunja mlango."

Desmond akabonyeza. Pumzi ikasikika, kisha Kapteni, safi kabisa: "Lowena... sijui. Kusema kweli, sijui." Baada ya hapo ni upepo tu, upepo wa mwezini, ambako hakuna upepo.

Hilary aliweka uma chini. "Kwa hiyo mama hakufunika kitu."

"Hakufunika."

"Miaka yote ile, Des."

"Nimesikia, Hils."

"Basi kalifute lile neno lako la mtandaoni."

Alilifuta palepale, na aliona aibu kweli, aibu ya mtu mzima aliyemsingizia mtu asiyeweza tena kumjibu. Kisha akafungua faili la pili. Soseji, kinasa, baba yako, yote aliyajua kwa moyo. Lakini sauti haikuishia hapo. Chini ya ule muziki, ambao sasa haukuwepo, zilisikika nyayo zikija mlangoni, na mama akauliza polepole, kama mtu asiyetaka kusikiwa na wengine:

"Des? Amekufa yule msichana?"

Mtoto wa kwenye kanda amenuna, hajibu. Mama anangoja. Anangoja sana, kisha nyayo zinarudi jikoni.

Desmond alirudisha nyuma, akasikiliza tena mara kadhaa, maana ndiyo desturi yake kabla ya kumjibu mtu.

"Hatujui, mama," alisema. "Hata Kapteni hajui."