Ribiti Mpya kwenye Kibati cha Zamani

Mpaka leo mtu wa Ifakara akitaka kununua gari kuukuu hunipitia kwanza. Nakwenda, nafungua boneti, nalala chini ya gari na tochi, na nikimaliza namwambia ninachokiona kwa maneno makavu, muuzaji akiwa amesimama pale pale. Watu husema nina roho ngumu. Hawajui kwamba nilianza kuwa hivyo kwa kuchelewa, na kwamba aliyelipia kuchelewa kwangu ni mtu mwingine.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na gereji karibu na barabara iendayo kivukoni. Gereji ni neno la heshima tu. Lilikuwa banda la bati, shimo la kuingilia chini ya magari, na sanduku la spana nililoachiwa na mzee aliyenifundisha ufundi. Magari yaliyonijia yalikuwa Landrova na malori ya mpunga, yote yamechakazwa na tope la bondeni, na mengi yalikuwa ya mfanyabiashara mmoja mwenye mashine ya kukoboa. Malori yake yakilala, nyumbani kwangu tulikula vizuri. Yakipona yote kwa mpigo, tulianza kuangaliana.

Mtani wangu alihamia mtaani kwetu baada ya kustaafu. Alikuwa karani wa mizani kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, kazi ya miaka mingi, na alikuja na mke wake, baiskeli na kiinua mgongo chake. Yeye Mngoni, mimi Mpogoro wa upande wa Mahenge. Babu zake na babu zangu walipigana, na sisi wajukuu tukarithi ruhusa ya kutukanana. Alinizidi umri kwa miaka kama ishirini, mtu wa kumwamkia shikamoo kabisa, lakini tangu siku ya kwanza sikumwamkia hata mara moja. Nikimwona nilimwambia, “We Mngoni, bado hujafa tu?” Naye alijibu, “Nikifa nani atakulisha, mtumwa wangu?” Hiyo ndiyo iliyokuwa shikamoo yetu. Aliwahi kunivua kofia kichwani akaenda nayo misa ya Jumapili, na sikuweza kuidai, maana mali ya mtani haidaiwi.

Mke wake alitaka wanunue shamba Idete. Yeye alitaka gari. Alikuwa amepima mizigo ya watu maisha yake yote, aliniambia, sasa alitaka kubeba ya kwake, mpunga wa Mlimba na abiria wa vijijini. Akasikia kwamba yule mwenye mashine ya kukoboa anauza Landrova ndefu. Alikuja gerejini asubuhi, kavaa shati la kanisani.

“Twende, mtumwa. Bwana wako ananunua gari. Wewe ukalitazame.”

Tulilikuta uwanjani kwenye mashine, limeoshwa. Mwenye mali alikuwa ameketi kivulini, na wanaume watatu wanne wamejilaza juu ya magunia ya mpunga wakisubiri zamu ya kukoboa. Injini ilikuwa nzuri. Gia zilikuwa nzuri, springi nzuri, na nilianza kufurahi kwa ajili yake. Kisha nikainama ndani kutazama kibati chenye namba ya chesisi.

Mzee wangu wa ufundi alinifundisha kusoma kibati kabla ya kusoma kadi ya gari. Alikuwa akinishika kidole gumba na kukipitisha juu ya ribiti, zile pini zinazokibana kibati kwenye bodi. Ribiti za kiwandani ni ngumu, na baada ya miaka huwa zimeshikana na rangi na uchafu kiasi kwamba hujui kibati kinaishia wapi na bodi inaanzia wapi. Hizi zilikuwa laini, za alumini, za aina ile mafundi wa sokoni wanayotumia kuziba sufuria. Kibati chenyewe kilikuwa kimezeeshwa. Mtu alikuwa amekisugua kwa mchanga na kukipaka oili chafu, lakini namba zilikuwa zimegongwa moja moja kwa mkono, na ile nane ilikuwa imeinama. Pembeni yake niliona tundu la zamani la ribiti ambalo halikupata kazi mpya. Nikaenda mbele kwenye chesisi, juu ya springi ya kulia, ambako namba hugongwa kwenye chuma chenyewe. Gari zima lilikuwa na tope la miaka, ila sehemu ya upana wa kiganja pale ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi. Nikapapasa. Chuma kilikuwa na bonde, kimepigwa tupa mpaka namba ikafutika.

Nilijua. Sitaki kuandika hapa kwamba nilishuku. Nilijua kama ninavyojua mkono wangu wa kulia kwamba gari lile limeibwa mahali na kuvalishwa namba ya gari jingine lililokufa.

Nilipoinuka, mwenye malori alikuwa ananitazama. Hakunikonyeza, hakunitishia. Aliniuliza tu kwa upole, “Fundi, lile lori langu jeupe utalianza lini?” Ndipo mtani wangu naye akaniuliza, “Enhe, mtumwa, gari likoje?”

Nikacheka. Nikasema kwa sauti kubwa, watu wote wasikie: “Gari la wizi hili! Kibati kimebandikwa juzi tu, ribiti hata kutu hazijapata. Linakufaa wewe, Mngoni, maana vya wizi mmevizoea tangu babu zenu!”

Waliokuwa kwenye magunia walivunjika mbavu. Mwenye gari alicheka mpaka akafuta machozi. Na mtani wangu, maskini, alicheka kuliko wote. Akanipiga bega, akasema, “Nikikupakia na wewe litakuwa la wizi mara mbili, maana wewe nilikuteka Mahenge!” Akaingiza mkono kwenye shati na kutoa bahasha ya kiinua mgongo chake.

Njia nzima ya kurudi, nimekaa kushoto kwake ndani ya gari lake jipya, nilijiambia kwamba nimemwambia. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli. Nilimwambia mbele ya mashahidi, asiposikia shauri yake. Nilijiambia hivyo wiki nzima. Lakini ukweli wa Mungu ni kwamba niliyachagua maneno yale kwa sababu nilijua hatayasikia. Baina yetu sisi wawili hakuna tusi lililowahi kuaminiwa, na mimi nilijificha humo humo.

Gari lile lilimpenda. Lilipita kwenye tope ambamo malori yalilala siku tatu. Mama yangu alipozidiwa na homa kijijini, mtani ndiye aliyemfuata na kumleta hospitali, akagoma hata kupokea asante, akisema anatunza mifugo yake. Kila baada ya mwezi alilileta gerejini, na kila nilipolifungua zile ribiti zilikuwa zinang’aa mbele ya macho yangu. Siku moja nilichukua grisi, nikachanganya na vumbi, nikazipaka zote. Hakuna aliyenituma. Hilo la grisi sijawahi kumwambia mtu yeyote mpaka leo, hata padri.

Alikamatwa kwenye barabara ya Mikumi, mbele kidogo ya Kidatu. Mkaguzi mmoja alikwangua rangi pale juu ya springi kwa kisu cha mfukoni, akafuta grisi kwenye ribiti kwa kitambaa, ikawa basi. Ilikuja kujulikana kwamba gari lilikuwa la mradi wa mkoa mwingine kabisa. Aliyemuuzia alikula kiapo kwamba na yeye aliuziwa, akataja mtu ambaye hakupatikana. Malori yake yaliendelea kutembea, na mimi niliendelea kuyatengeneza.

Niliitwa kituoni kuandika maelezo kwa sababu waliokuwa kwenye magunia walikumbuka kichekesho changu. Askari akaniuliza, “Wewe ndiye uliyesema gari la wizi. Ulijua?”

Mtani wangu alikuwa kwenye benchi, hana viatu wala mkanda. Kabla sijafungua mdomo akadakia, “Afande, huyu mtani wangu. Alikuwa ananitukana kama kawaida yake. Ana mdomo wa kisirani tu, umebahatisha. Huyu hana hila.”

“Ni kweli?” askari akaniuliza.

“Nilikuwa natania tu,” nikasema, nikatia sahihi.

Yeye walimwachia. Gari halikurudi, wala bahasha. Mke wake hakumlaumu mbele ya watu. Walikodi kipande cha shamba huko huko Idete, na yule karani wa mizani, katika umri wa kupumzika, akaanza kulima mpunga kwa jembe la mkono na maji yakimfika magotini.

Utani wake haukupungua. Akipita gerejini alipaza sauti, “Mtumwa, nitengenezee jembe hili, linakataa kupanda mlima!” Wenzangu walicheka. Mimi nilianza kujifanya nina kazi chini ya gari kila nilipoisikia sauti yake, na wakati mwingine nililala chini ya gari lisilo na ubovu wowote, nikisubiri apite.

Halafu siku moja tulikutana uso kwa uso kwenye njia ya shamba, mvua imetoka kunyesha, hakuna pa kujificha. Alikuwa na jembe begani. Miguu yake ilikuwa imepauka kwa tope lililokauka na kulowa tena.

“We mtumwa,” akasema, “mbona siku hizi hunitukani? Nimekukosea nini?”

Nilifungua mdomo nimwambie lolote, la babu zake, la kofia yangu, tusi lolote la zamani. Nikajisikia nasema, “Shikamoo, mzee.”

Tabasamu lilibaki usoni pake kwa muda, kisha likaondoka. Akateremsha jembe. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama mizani, nadhani, zile asubuhi zake zote za Kidatu.

“Kumbe siku ile hukuwa unatania,” akasema.

Alingoja jibu kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Halafu akaitikia, “Marahaba,” kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mpita njia, akainua jembe lake akaenda.

Aliishi miaka sita zaidi. Nilimwamkia kila tulipokutana, na kila mara aliitikia.