Mgonjwa wa kwenye ile video ni mimi

Hamjambo wanangu. Jina langu lifichwe na kijiji kifichwe, semeni tu ni Karagwe, upande wa kwenda Kyerwa. Umri wangu sina cheti chake, ila vita vya Amini vilinikuta na mtoto mgongoni. Shule sikuingia hata siku moja. Mimi nasema, mwalimu jirani yangu anaandika kwenye simu yake, na nimemkataza asinipambie maneno.

Mwaka jana binti yangu kitinda mimba alishikwa na tumbo wakati wa masika. Gari kwetu lilikuwa halifiki. Wanaume wakambeba kwenye engozi, ile machela yetu ya fito tunayobebea wagonjwa, mimi nyuma yao. Hatukufika. Alikata roho kabla ya lami. Tukageuka naye. Binti yake wa miaka saba tulikuwa tumempeleka Kituntu kwa baba yake mdogo, akakaa huko mpaka tukamaliza kuzika. Tulisema mtoto asione jeneza. Mimi sikulia. Mpaka leo sijalia, sijui chozi limekwama wapi.

Wiki mbili baadaye mwenyekiti wa kijiji akaja na mwandishi wa habari, kijana mwenye adabu, alinipigia na magoti. Akasema, "Bibi, habari ya barabara yenu nimeandika mara mbili, hakuna aliyeshtuka. Wakubwa hawasikii mpaka waone. Nahitaji picha ya mgonjwa anabebwa." Mgonjwa hakuwepo. Vijana wakaambiwa mmoja alale, wote wakarudi nyuma, nani alale alipofia mtu? Nikawaambia, "Pisheni. Aliyekuwa humu nimemzaa mwenyewe, atanifanya nini?" Nikapanda. Wakanifunika gubigubi kwa kanga ya marehemu, ilikuwa haijafuliwa.

Wakaninyanyua. Mmoja akasema, "Bibi huyu kumbe mzito, ndizi zote za kijiji anamaliza yeye!" Wakacheka, na mimi nikamjibu humo humo ndani, "Beba kimya, mkeo namjua anavyokulisha." Mwandishi akasema, "Jamani msicheke, turudie." Tukarudia. Mnataka kujua nilisikia nini humo ndani? Hakuna. Niliwaza maharage niliyoacha motoni.

Habari ikatoka. Mtangazaji akasema ni mama mgonjwa anakimbizwa hospitali, hakusema ni maigizo. Ikaenda kwenye simu za watu kama moto wa nyasi. Mwezi haukwisha, greda likaja. Sasa gari linafika mpaka kwa mwenyekiti. Juzi mkwe wa jirani alishikwa na uchungu, akapakiwa kwenye gari, akarudi na mtoto wake kifuani. Nilikwenda kumpakata yule mtoto. Mzito, mzuri. Kwa hiyo siwezi kusema tulikosea.

Lakini mjukuu wangu ameiona hiyo video, watoto wenzake walimwonyesha. Kanga ya mama yake anaijua. Kila jioni anakwenda kwa mwalimu kuomba simu aitazame. Siku moja akanivuta mkono, "Bibi, tazama hapa. Kanga inapanda, inashuka. Mama anapumua." Nikatazama. Kweli inapanda, inashuka. Ni pumzi yangu.

Akaniuliza, "Mbona mlisema alikufa njiani? Mlimwacha hospitali gani?" Nikampeleka kwenye migomba, nikamwonyesha kaburi. Akasema, "Hilo ni la babu." La babu lipo pembeni yake, nikamwonyesha na hilo. Akanitazama kama mtu anayetazama mwizi.

Nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia nataka kumweleza mtoto. Akasema, "Mama, nakuheshimu, lakini subiri. Mtoto akijua leo, kesho shule nzima inajua. Watasema kijiji kizima ni waongo, na kalavati za pale mtoni hazijawekwa. Mvua moja tu barabara inakatika." Nikampigia yule mwandishi. Akasema, "Bibi, nisamehe. Ikijulikana, kazi sina." Mimi sina chuki naye. Yeye peke yake ndiye aliyekuja kutuuliza tunaishije.

Hapo ndipo nilipo. Nikisema, naogopa mama mwingine atafia kwenye matope. Nikinyamaza, mtoto analala akijua bibi yake amemtupa mama yake mahali. Chakula nikimpa anakula, lakini hakai tena mapajani pangu, na mimi mtoto huyu ndiye ninayeamka asubuhi kwa ajili yake.

Jana amefunga nguo zake mbili kwenye mfuko, akauweka mlangoni. Anasema Jumamosi hakuna shule, tupande gari tukamchukue mama. Nyinyi mnaotazama habari kila siku na mnajua kusoma, nipeni la kumwambia, maana Jumamosi ni keshokutwa.